Tuisheni ya Kiingereza cha kidato cha tano na sita huku Ng'ambo, mjini Unguja: niliyoyakuta

Nianze na bei, maana najua ndilo swali la kwanza. Shilingi 30,000 kwa mwezi kwa somo moja, siku tatu kwa wiki: Jumatatu na Jumatano baada ya sala ya alasiri mpaka karibu na magharibi, na Jumamosi asubuhi. Fotokopi juu yako. Anayechukua masomo mawili au matatu hapo hapo hupunguziwa, lakini mimi nilisoma Kiingereza tu, kwa hivyo hayo mengine sina la kuyasemea. Kituo chenyewe sitokitaja jina. Zipo kasoro nitakazozieleza bila ya kuzifunika, na mwenye kituo ni mtu tunayeonana msikitini. Wa Ng'ambo atakayesoma mpaka mwisho huenda akakijua.

Mimi si mtoto wa skuli. Natembeza wageni Mji Mkongwe, umri umeshapita arubaini, na nilikwenda pale kama mtahiniwa wa kujitegemea, sisi tunaoitwa watu wa namba ya P. Ukiwa na kredit tatu za kidato cha nne, yaani ufaulu wa C kwenda juu, unaruhusiwa kujisajili kufanya mtihani wa kidato cha sita bila ya kurudi kuvaa sare, na mtihani wenyewe unaufanya Mei pamoja na watoto wa Tanzania nzima, Bara na Visiwani. Kombi yangu ilikuwa HKL, yaani Historia, Kiswahili na Kiingereza, na juu yake GS (General Studies) ambayo hakuna aliyeikwepa. Historia nilijisomea nyumbani. Kiswahili alinisaidia shemeji yangu anayesomesha. Kiingereza ndicho nilichokitolea pesa, na vijana wa kazini pale Forodhani walinicheka hasa: "Ami, wewe toka asubuhi unazungumza na Wazungu, unakwenda kufunzwa nini tena?"

Jibu lake alisikie mapema mzee yeyote anayetaka kumlipia mtoto. Darasa la Kiingereza cha kidato cha tano na sita halimfunzi mtu kuzungumza. Anayetaka mwanawe azungumze ampeleke kozi za mazungumzo, mjini zipo tele na nyengine ni rahisi kuliko hii. Huku wanachukulia kwamba kuzungumza umeshamaliza, jambo ambalo kwa nusu ya watoto niliokaa nao si kweli, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Watoto hao skuli ya msingi walisoma kwa Kiswahili, walipofika darasa la tano hesabu na sayansi zikageuka Kiingereza, sekondari karibu kila kitu kikageuka. Wanafika kidato cha tano wanajua kujaza nafasi zilizoachwa wazi na kuchagua jibu moja kati ya manne, lakini kukaa kitako na kuandika kurasa nne za kutetea jambo moja hawajawahi. Mtihani una karatasi mbili, kila moja saa tatu, na zote ni za kuandika. Hakuna pahala ambapo mtahini atasikia lafudhi yako. Alikuwepo kijana mmoja aliyekuwa akizungumza Kiingereza cha kwenye filamu, mikono inakwenda huku na huku, wasichana wakimtazama. Insha yake ya kwanza ilirudi na alama 6 kati ya 20.

Karatasi ya kwanza ni ya lugha yenyewe, na pale inasomeshwa na kijana aliyemaliza SUZA, Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, mwembamba, mwandiko wake ubaoni unasomeka hata ukikaa nyuma kabisa. Humo mna namna maneno yanavyoundwa, aina za sentensi, lugha inavyobadilika kwa mujibu wa mahali na watu, ufahamu na ufupisho, uandishi wa hotuba, tafsiri na ukalimani. Mengi ya hayo yanakaririka na watoto wanayapenda kwa sababu hiyo hiyo. Maalim anakwenda mbio, anataka uwe umeshapitia nyumbani, na akiuliza swali hangoji. Mimi aliponishika ni kwenye ufupisho. Hutoa kipande cha habari chenye maneno kama 300, anataka 80, na hataki sentensi hata moja uliyoinyanyua kama ilivyo. Mtembeza wageni kazi yake ni kurefusha. Mlango mmoja wa Kihindi pale Mkunazini naweza kuuzungumzia robo saa na mgeni akaniongeza bakshishi. Kule nilifunzwa kukata. Kwenye tafsiri watoto wa Unguja na Pemba wana bahati, Kiswahili wanacho, ila alama zinawapotea kwa kufuata neno kwa neno. Maalim alikuwa akituletea menyu za mikahawa na mabango ya mjini tuyatengeneze upya, na hayo yalikuwa masaa ya kuchekana.

Nusu hiyo ya somo naipa alama nzuri na sina zaidi. Ukikosa siku mbili utanakili kwa mwenzio na mambo yataendelea. Karatasi ya pili, ya fasihi, ndiyo iliyonikalisha niandike haya.

Fasihi anasomesha mwalimu mwanamke aliyestaafu serikalini, amesomesha Unguja na Pemba toka wazazi wa wanafunzi wake hawajaoana. Tunamwita Mwalimu tu. Anakuja na baibui lake, mkoba wa ukili na chupa ya chai ya tangawizi, anakaa kitako mbele na hasimami mpaka kipindi kimalizike. Hana notisi za kugawa. Hili liliwaudhi wengi wiki za mwanzo, maana tuisheni nyingi mjini zinaishi kwa notisi: kijitabu cha uchambuzi, dhamira hizi hapa, wahusika hawa hapa, tamathali hizi, kariri uende. Yeye anataka kitabu chenyewe kiwe mkononi, na anajua kukukamata. Atakuuliza kitu kidogo tu, mathalan nani alikuwepo chumbani wakati maneno fulani yanasemwa, na mwenye kijitabu hapo hana pa kutokea.

Tulisoma riwaya mbili, tamthilia mbili na mashairi. Riwaya zilikuwa A Man of the People ya Chinua Achebe, iliyotoka 1966, na The Beautyful Ones Are Not Yet Born ya Ayi Kwei Armah wa Ghana, ya 1968. Tamthilia ni An Enemy of the People ya Henrik Ibsen wa Norwei, ya 1882, na Betrayal in the City ya Francis Imbuga wa Kenya, ya 1976. Orodha ya vitabu vinavyokubaliwa ni ndefu kuliko hiyo, na anayesomesha ndiye anayechagua, kwa hivyo usikimbilie kununua kitabu kabla hujauliza. Sikumsikia akisema kwa nini alichagua hivyo vinne, lakini ukivisoma pamoja unaona: kila kimoja kina mtu aliyekataa kwenda na wengi, na kila mwandishi anamtendea mtu huyo kwa njia yake. Mtahini akiuliza swali la kulinganisha, tayari una mkono wa kushika.

Kwa Achebe, Mwalimu alituuliza nani kati yetu hakumpenda Chifu Nanga, yule waziri, katika sura zile za mwanzo. Hakuna aliyenyanyua mkono. Akatuambia basi hiyo ndiyo kazi ya mwandishi, sasa kaeni mtafute ni wapi alipokupendezesheni na kwa maneno gani. Armah alitutesa. Sentensi zake ndefu, kuna kurasa nzima za uchafu uliogandamana kwenye ubao wa kushikia ngazini, na wasichana wawili walisema kitabu kinawatia kichefuchefu wakaomba kingine. Hawakupewa. Tulipofika pale Koomson, mtu mkubwa wa chama, anapotoroka kwa kupitia tundu la choo, darasa lilicheka mpaka jirani akachungulia dirishani. Mwalimu alingoja tumalize, kisha akaturudisha kwenye ule ubao wa ngazini, akatutaka tueleze kwa nini uchafu wa mwanzo na uchafu wa mwisho umeandikwa na mtu yule yule. Kimya kilikuwa kirefu.

Lakini siku za raha zilikuwa za Ibsen. Mji mdogo wa pwani, wenyeji wametia pesa zao kwenye hamamu za tiba, wageni wanakuja kuoga na kuacha fedha. Daktari Stockmann anapeleka maji yakapimwe, anakuta yamejaa vijidudu kwa uchafu unaoshuka kutoka viwanda vya ngozi. Anadhani mji utamshukuru. Kaka yake ndiye meya, na meya anamwambia kuyahamisha mabomba kutakula pesa nyingi, hamamu zitafungwa kama miaka miwili, na miji ya jirani itawachukua wageni wote. Gazeti lililokuwa tayari kuchapisha ripoti yake linageuka. Mwisho mkutano wa hadhara unampitisha kuwa adui wa watu.

Sasa wasomeshee hayo watoto wa Zanzibar. Mwalimu hakuwa na haja ya kueleza kitu. Msichana mmoja wa Paje, mama yake analima mwani na kaka yake yuko jikoni katika hoteli, alisimama akasema, kwa Kiingereza cha kuungaunga lakini kila mtu alimfahamu, kwamba meya ana haki. Hoteli ikifungwa miaka miwili nyumbani kwao watakula nini? Kwa nini daktari hakukaa na kaka yake wakayamaliza ndani? Kijana wa Mkoani, Pemba, akamrukia: na mgeni akifa? Hapo Kiingereza kikaisha, Kiswahili kikaingia. Mmoja akakumbusha 2020, ndege zilipokatika na pwani nzima ikalala. Mimi nami sikuweza kunyamaza, nikasimama na kazi yangu: kwamba wakati Ibsen anaiandika tamthilia hii, hapa alikuwa akitawala Sayyid Barghash, aliyejenga hamamu ile ya Hamamni, na yeye huyo ndiye aliyevuta maji safi kutoka chemchemi za upande wa Bububu mpaka mjini, watu wakiwa bado wanakumbuka kipindupindu cha 1869 na 1870 kilivyowamaliza. Nilizungumza sana, nakiri ni maradhi ya kazi.

Mwalimu alituacha tu, akinywa chai yake. Tulipochoka akasema: "Vizuri. Jumamosi kila mmoja anarudi na insha. Walio na meya wamtetee meya, walio na daktari wamtetee daktari. Lakini sitaki kumsikia kaka wa hotelini, wala 2020, wala Sayyid Barghash. Nataka maneno ya Ibsen, na niambiwe kayasema nani, kamwambia nani, na wakati gani."

Insha bora ilikuwa ya yule msichana wa Paje. Alimfuata meya pale anapotaja gharama. Akamfuata Aslaksen, yule mpiga chapa anayehubiri wastani kila akifungua mdomo, akaonyesha kwamba anamwacha daktari pale pale anapotambua kuwa pesa za matengenezo zitatoka mifukoni mwa watu wa mji. Kisha akaongeza jambo ambalo sisi wa upande wa daktari tulilikimbia: kwamba katika ule mkutano Stockmann anaacha habari ya maji na kuanza kuwashambulia wananchi wenyewe, kwa hivyo kura ile si ya maji peke yake. Yote hayo kwa nukuu, kila moja na mahali pake. Kiingereza chake bado kilikuwa na makosa ya sarufi, Mwalimu ameyapigia mstari yote. Alama 15. Insha ile ilisomwa mbele ya darasa bila ya kutajwa jina, ila tulimjua kwa alivyojivuta mtandio usoni.

Hapo ndipo pesa ya mtu inapokwenda, na ndiyo maana nasema anayepima tuisheni kwa wingi wa notisi anapima kisichopimika. Notisi zipo kila pahala, nyengine za bure kwenye simu. Kinachouzwa pale ni wino mwekundu wa yule mama. Insha unayompa Jumatano unaipata Jumamosi, na pembeni ameandika maswali, si sifa wala matusi. Ugonjwa wa darasa karibu zima ulikuwa mmoja: swali linauliza, mathalan, namna waandishi wawili wanavyoonyesha tamaa ya madaraka, mtoto anaanza kukuhadithia kitabu toka ukurasa wa kwanza, nani alizaliwa wapi, akaenda wapi, akamwoa nani, mpaka karatasi inajaa. Yeye kurasa za namna hiyo anazipiga mstari mmoja wa kushuka, juu mpaka chini, na hazihesabii kitu. Anachotaka ni hoja isemwe kwa sentensi moja, uje ushahidi kutoka kitabuni, uelezwe ushahidi huo unajibu vipi swali lililoulizwa, kisha kitabu cha pili kiitwe nacho kitoe ushahidi wake juu ya hoja ile ile. Basi. Ikiwa paragrafu moja imekushinda, hatakwambia urudie insha nzima. Utaandika paragrafu ile peke yake, na tena, na tena, mpaka aridhike. Kuna jamaa mmoja aliandika paragrafu moja ya Imbuga mpaka sote tukawa tunaijua kwa moyo.

Miezi ya mwisho alikuja na saa ya mezani, ile ya kengele, akatuandikisha kwa muda wa mtihani. Hili wazee hawalifikirii: watoto wa sasa vidole vyao vimezoea kioo cha simu, saa moja tu ya kalamu mkono unauma na mwandiko unaanguka. Kuandika saa tatu ni mazoezi ya mwili.

Mashairi aliyapa muda mchache kuliko nilivyotaka. Watoto waliolelewa kwa vina na mizani wakikutana na shairi la Kiingereza lisilo na kina wanalitazama hivi hivi, halafu wanaanza kuokota tamathali, hii tashbihi, hii sitiari, hii takriri, wanazipanga zote na hawasemi zimefanya kazi gani. Mwalimu alikuwa na maswali mawili tu ya kuanzia: nani anazungumza hapa, na kimemkera au kimemfurahisha nini. Ukiyajibu hayo, tamathali zinajileta zenyewe. Siku moja alituletea ukurasa mmoja wa Abdulrazak Gurnah, si kitabu cha mtihani wetu, kipande cha kusoma tu. Wote walijua kwamba alizaliwa hapa na kwamba alipewa Nobeli ya fasihi 2021. Aliyewahi kumsoma hakuwepo, na hapo namuingiza hata mtembeza wageni anayelitaja jina lake kwa wageni kila siku.

Sasa kasoro. Ya kwanza ni chumba: sebule ya nyumba ya mtu, feni moja, madirisha yanayoelekea upande usio na upepo. Umeme ukikatika tunawasha tochi za simu na kuendelea, jambo ambalo mara moja ni la kuchekesha. Kasoro hiyo naisamehe. Ya pili siisamehe. Mwanzo tulikuwa kama watu ishirini na kidogo. Mitihani ilipoanza kunukia, kila aliyeogopa akaja, na mwenye kituo akampokea kila aliyeshika pesa mkononi. Ilipofika Machi wengine walikuwa wanakaa kizingitini. Mwalimu ni mtu mmoja na macho yake ni mawili. Insha zikawa zinarudi baada ya wiki mbili, nyengine zina alama tu bila ya swali hata moja pembeni. Yaani kile kile tulichokuwa tunakilipia kikapungua, na ada ikabaki pale pale. Nilimwendea mwenye kituo nikamwambia kwa adabu. Akanijibu, "Kaka, mtoto wa watu kaja kutaka elimu, nimrudishe vipi?" Jawabu tamu, lakini angeweza kufungua zamu ya pili, na hakufungua.

Ya tatu ni vitabu. Vinavyouzwa pale ni fotokopi ya fotokopi, pembe zimekatika, na nakala yangu ya Imbuga ilikuwa na ukurasa mweupe katikati ya onyesho. Tafuta mtu aliyemaliza akuazime au akuuzie kitabu chake cha kweli, ikiwezekana kilichoandikwa penseli pembeni. Na sehemu ya kusoma kwa utulivu, kama nyumbani kuna watoto, ni Maktaba Kuu pale Maisara, si pale kituoni.

Ramadhani nayo iliangukia miezi ile ya moto kabla ya mtihani. Darasa likahamishiwa baada ya tarawehe, karibu saa nne usiku. Kwetu wanaume sawa. Wasichana wengi wazee wao walikataa, na wana haki, gari za kurudi Bububu au Fuoni saa sita usiku ni za kubahatisha. Wakabakiwa na Jumamosi peke yake kwa ada ile ile ya siku tatu. Yule wa Paje alikuwa amepanga kwa shangazi yake mjini, kwa hivyo aliweza kuja akisindikizwa na binamu yake, anayelala kwenye kiti mpaka kipindi kiishe. Wengine hawakuwa na shangazi. Hili lilizungumzwa, likaahidiwa kurekebishwa, na Ramadhani ikaisha.

Matokeo yangu ya Kiingereza yalikuwa C, nayo huanzia alama 60 mpaka 69. Naiona ni haki yangu. Mashairi yaliniangusha na ufupisho ukaniokoa. Pamoja na B ya Historia na C ya Kiswahili nimepata zile prinsipo (principal pass, ufaulu unaotazamwa na vyuo) ninazozihitaji kuombea chuo. Wa Paje amepata B. Yule wa Kiingereza cha filamu alihamia tuisheni ya notisi mwezi wa pili na sijui yaliyompata.

Kwa nani napendekeza? Kama mtoto wako yuko skuli ambayo mwalimu wa Kiingereza anasahihisha insha zake na kumrudishia zikiwa na maelezo, kaa na pesa yako, hana haja ya kuja. Kama yuko dakhalia, yaani skuli ya bweni, masaa haya hayamfai. Kama ni wa sayansi na anataka tu Kiingereza chake kinyooke, atachoka na Ibsen kabla hajafika tendo la pili. Watu wa namba ya P hasa ndio naowaambia waende, kwa sababu sisi hatuna wa kutusomea tulichoandika, na mume au mke nyumbani atakusifu tu. Nenda umeshasoma angalau kitabu kimoja kati ya vile vinne. Usiende ukitarajia kusomewa.

Wa kidato cha tano huanza Julai, na Jumamosi ya kwanza hutozwi kitu. Nenda siku hiyo, kaa nyuma, uhesabu vichwa, kisha muombe aliyeanza kabla yako akuonyeshe insha yake ya mwisho iliyosahihishwa na utazame tarehe. Wakiwa zaidi ya thelathini, usilipe kwanza. Mngoje Mwalimu anapofunga mkoba wake umuulize kama ataweza kuisoma na yako. Atakwambia kweli, hata kama mwenye kituo amesimama hapo.